Nasali, nasomewa, nakunywa kombe na moyo bado hautulii, nifanyeje?

"Assalaam alaykum dokta. Mie ni mama wa watoto watatu, naishi Wete, nasomesha skuli ya msingi. Mama yangu kafariki mwaka jana, nilimuuguza mwenyewe nyumbani muda mrefu na roho ilipotoka alikuwa mikononi mwangu. Kwenye msiba sikulia sana, watu wakanisifu kwa subira. Sasa ndo nimeanza kuharibika. Usiku nashtuka saa 8 au saa 9, moyo unakwenda mbio, jasho linanitoka, mikono inakufa ganzi, naona ndo nakufa. Nikisali akili haipo, nikifungua msahafu naona herufi tu. Nimesomewa na sheikh, nimekunywa kombe (maji yalooshea aya za Qur'an), napata nafuu siku mbili inarudi. Shoga yangu akanipeleka kwa mganga, akasema jini la mama limenihamia, linataka ngoma na mbuzi na pesa ambazo sina. Ndugu yangu wa Unguja ananitumia video, eti amani imo ndani yako, fumba macho ufukuze mawazo mabaya. Nimejaribu, khofu ikazidi. Wifi yangu anasema imani yangu ndogo. Hospitali naogopa wasije wakaniona mwendawazimu nikapelekwa Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, na pia naona nikinywa vidonge itakuwa nimesema Qur'an imeshindwa. Nitaupataje utulivu wa moyo?"

Wa alaykumu salaam dada yangu. Pole sana na msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu mama na akulipe wewe kwa kumuuguza. Barua yako nimeisoma yote na naona mna maswali matatu yamefungamana: hiki kinachonishtua usiku ni kitu gani, je kwenda hospitali ni kuivunjia heshima Qur'an, na huo utulivu unapatikana vipi. Nitayajibu yote lakini naanza na neno la wifi yako, manake hata ukipewa dawa gani, ukiwa ndani ya moyo unaamini unaumwa kwa sababu humjui Mungu basi hutopona vizuri.

Nabii Yaaqub alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yakawa meupe, na hilo limo kwenye Qur'an. Waliomlaumu kwa huzuni yake walikuwa wanawe. Mwenyezi Mungu hakumlaumu, na jibu lake Yaaqub lilikuwa kwamba yeye anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake na huzuni yake. Mtume wetu (SAW) alipofiwa na mwanawe Ibrahim machozi yalimtoka mbele za watu, wengine wakashangaa, akawaambia hiyo ni rehema. Na ule mwaka aliofiwa na Bi Khadija na Abu Talib umeitwa Mwaka wa Huzuni mpaka leo. Sasa kama mitume walihuzunika kiasi hicho mie sioni vipi mtu atakaa kitako aipime imani yako kwa kutazama moyo wako unavyodunda usiku. Naamini wifi yako hakusudii ubaya, watu wengi huku kwetu wanasema hivo hivo kwa sababu ndivyo walivyosikia, lakini hilo neno lisikae kwako.

Jambo jengine ambalo pengine ushaambiwa au utaambiwa ni kwamba umeugua kwa sababu hukulia. Hilo nalo silo. Wako watu hawalii kwenye msiba na wanakuwa wazima kabisa, kila mtu na namna yake. Mie kwenye barua yako nililolitazama ni lile la kumuuguza. Nataka nikuulize, zile saa 8 na saa 9 za usiku, hukuwa ukiamka wakati huo kumgeuza mama, au kumpa dawa, au kumsikiliza tu kama bado anavuta pumzi? Wanaouguza mtu nyumbani karibu wote hulala sikio liko wazi, miezi inapita mwili unajifunza kwamba usiku ndo wakati wa hatari, na mgonjwa akiondoka hakuna anayeuambia mwili kwamba kazi imekwisha. Unaendelea kuamka. Ila sasa ukiamka humkuti mama wa kumhudumia, unakuta giza na moyo wako tu.

Nikueleze kinachotokea mwilini maana ukikifahamu nusu ya khofu inapungua. Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo sana ambayo kazi yake ni kunusa hatari kabla wewe hujafikiri. Ikihisi hatari inaamrisha tezi zilizo juu ya mafigo zimwage adrenalini, na adrenalini ndo inayofanya moyo ukimbie, jasho litoke, tumbo lisokote, pumzi iwe ya juu juu. Hiyo ni neema, ndo inayokurusha wewe na mtoto pembeni ya njia gari inapokuja. Tatizo ni pale inapoumizwa sana ikakosa kipimo. Mfikirie mlinzi wa shamba la karafuu alieibiwa usiku mmoja, usiku wa pili likianguka jani anapiga filimbi, ukianguka ukuti anapiga filimbi, na kila akipiga nyumba nzima inaamka. Mlinzi si mbaya na wala hana jini, kashtuka tu, na atahitaji masiku kadhaa ya usiku salama ndo aamini tena.

Ile ganzi ya mikono inawatisha watu kuliko yote, wanadhani ni kiharusi. Mara nyingi ni pumzi. Ukipumua haraka haraka unatoa hewa ya kaboni nyingi kuliko inavyotakiwa, damu inabadilika kidogo, ndo vidole na midomo vinawasha na kichwa kinakuwa chepesi. Shambulio lenyewe kwa kawaida linapanda mpaka juu ndani ya dakika 10 hivi kisha linaanza kushuka lenyewe, hata usipofanya kitu, kwa sababu mwili hauwezi kuendelea hivo. Linaweza kukukuta usingizini bila hata ya ndoto. Halikuui. Linachofanya ni kukutia khofu ya khofu, yaani ikifika magharibi ushaanza kuogopa usiku, na ile kuogopa ndo inayomweka mlinzi macho.

Sasa zile video za ndugu yako. Sizilaumu, kwa watu wengine kukaa kimya na kufumba macho kunasaidia sana, lakini kwa mtu alie katika hali yako inaweza kuwa kinyume, unafumba macho, huoni kitu cha nje, masikio yote yanahamia kwenye mapigo ya moyo, basi yakiruka kidogo tu unaona ndo yale yamekuja. Na hilo la kufukuza mawazo ndo halifai kabisa. Mwaka 1987 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, aliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe, kila akiwajia wapige kengele, na kengele zikawa zinalia kila mara. Wazo ukilifukuza linarudi. Ukiliacha lipite, ukajisemea "haya, nimekumbuka pumzi ya mwisho ya mama, inauma, na nipo hapa kitandani kwangu Wete", linapita pole pole. Hakuna mtu mwenye utulivu ambae kichwani mwake hamna mawazo, na wanaokwambia hivo kwenye simu wanakupa mzigo wa pili juu ya ule ulionao.

Haya, tuje kwenye jini. Mie Muislamu kama wewe, sitokwambia majini hayapo, Qur'an imewataja. Lakini kuamini kwamba yapo ni jambo moja na kuambiwa kwamba hili lako ndo hilo ni jambo jengine, na alama ulizoniandikia, kushtuka usiku, moyo, ganzi, ibada kuwa kavu, kila siku naziona kwa watu waliouguza, waliofiwa, walionusurika ajali. Baada ya ile meli ya Spice Islander kuzama Septemba 2011, na Skagit mwaka uliofuata, Unguja na Pemba nzima ilijua watu wa namna hii, hawezi kulala, akisikia upepo anatetemeka, na hatukusema wote wamepandwa na majini. Linaloniuma kwa yule mganga hata kuliko pesa ni kukwambia jini la mama limekuhamia. Umemuosha, umemlisha, kafia mikononi mwako, halafu uambiwe alichokuachia ni hicho. Kumbukumbu ya mama ishakuwa nzito, usimruhusu mtu aitie na uchafu. Usikope pesa, usiuze kitu, mbuzi akae bandani kwake.

Kisomo ni kwengine kabisa na sitaki uache. Uliposema unapata nafuu siku mbili mie nakuamini, na sababu zipo mbili na hazipingani: ni maneno ya Mola wako unayaamini, na pia mtu mzima mwenye sauti tulivu kakaa nawe, ndugu wamekusanyika, umelala chini umepumzika, pumzi yako imefuata kisomo chake. Inarudi kwa sababu mlinzi hajajifunza bado, siku mbili hazimtoshi. Endelea kusomewa kama unataka, na bora zaidi soma mwenyewe, ila uwe na mipaka: asomae asikupige wala kukufunga, asikufungie chumbani na moshi wa mafusho khasa kama una pumu, na akikwambia usiende hospitali au acha dawa basi ondoka hapo. Masheikh wa kweli ninaowajua wenyewe ndo wanaotuletea wagonjwa.

Na hilo linanileta kwenye vidonge na Qur'an. Mama alipokuwa anaumwa ulikuwa unampa dawa zake kwa mkono wako, na huku unamsomea. Ulikuwa unaona Qur'an imeshindwa? Bila shaka hapana, ulikuwa unafanya yote mawili na hukuhisi yanagombana. Mtume (SAW) kaamrisha watu watafute matibabu, kasema hakuna ugonjwa ulioteremshwa ila umeteremshiwa na dawa yake, na hakuyatoa maradhi ya moyo na akili kwenye hilo. Wanavyuoni wa zamani walilijua hili vizuri. Abu Zayd al-Balkhi, alofariki mwaka 934, aliandika kwamba mwili na nafsi vyote vinaugua na vyote vinatibiwa, na akatenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na ile isiyo na sababu ya wazi ambayo yeye aliona inatoka mwilini. Miaka zaidi ya elfu imepita na sie bado tunaambiana soma tu itaondoka.

Kwa hiyo hospitali nenda, na hatua ya kwanza wala si ya akili. Anzia hapo hapo Wete, ueleze moyo kwenda mbio na jasho la usiku, waombe wakupime presha, wingi wa damu, sukari, tezi la shingo, wausikilize na moyo wenyewe. Upungufu wa damu na tezi linalofanya kazi kupita kiasi vinaweza kuleta karibu haya haya yote. Kama jasho la usiku linakuja pamoja na kikohozi cha muda mrefu au unapungua mwili, useme, wakupime na kifua. Na punguza kahawa, najua Pemba kahawa ni kahawa, lakini ukinywa baada ya alasiri usiku bado imo mwilini inamchokoza huyo mlinzi.

Vipimo vikiwa salama uombe kuonana na mtu wa afya ya akili. Kuhusu Kidongo Chekundu niseme wazi: watu wenye hali kama yako kwa kawaida hawalazwi, unaonana na mhudumu, mnazungumza, unarudi kwako ukapike. Na hata wanaolazwa pale ni wagonjwa wanaotibiwa na wengi wanatoka, aibu ni ya sie tunaowacheka. Utakachopewa kinaweza kuwa mazungumzo, vidonge, au vyote. Mie kwa ulivyoeleza ningependelea uanze na mazungumzo, vikao kadhaa na mtu aliesomea, anakusaidia kuifahamu khofu na kuikaribia kidogo kidogo badala ya kuikimbia. Kwa mfano kile chumba alichokuwa akilala mama, unaingia siku hizi? Kama umekifunga, tatizo lipo na hapo pia, manake kila tunachokikwepa ubongo unakiandika kwamba ni hatari. Utaingia na mtu, mtakaa dakika chache, kesho zaidi. Usiparamie.

Mtu wa kuzungumza nae si lazima awe daktari mkubwa. Zimbabwe tangu 2006 wamewafundisha mabibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu wenye mawazo mengi, utafiti uliotoka 2016 ukaonesha waliokaa na mabibi wale walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na mpango ule ukafika mpaka huku kwetu Zanzibar. Kwetu baraza lipo mlangoni miaka nenda miaka rudi, ila tunakaa tunazungumza ya watu.

Vidonge vina nafasi yake kama vikao havitoshi au hulali kabisa. Vile vinavyotumika zaidi kwa khofu na huzuni havikulevyi, lakini vinachukua wiki mbili mpaka sita kufanya kazi na mwanzoni vinaweza kuchafua tumbo au kukuongezea wasiwasi kidogo, wengi wanaacha hapo hapo kabla havijasaidia. Usiache ghafla bila ya kuambiwa. Na usinunue valiamu dukani wala usipewe na jirani, ile inalaza kweli usiku wa kwanza lakini mwili unaizoea haraka na kuiacha kuna tabu.

Sasa utulivu wenyewe, ndo ulichokuja nacho. Ile aya ya Suratur Ra'd, kwamba kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu nyoyo hutulia, tumeizoea tukaifanya kama ahadi ya kwamba ukisoma saa hii basi saa hii hii utahisi utamu, usipouhisi una kasoro. Mie naiona kama njia ya kutembea miaka. Moyo unatulia kwa kurudi rudi, siku unahisi na siku huhisi. Wewe sasa hivi unasimama kwenye sala huku unajichungua, je nina khushuu, bado, mbona bado, na hiyo nayo ni kengele nyengine inalia. Acha kujipima kwa muda. Sali kwa sura fupi unazozijua, msahafu fungua aya tatu nne tu, hata kama ni herufi. Mtume (SAW) kasema amali anazozipenda zaidi Mwenyezi Mungu ni zile za kudumu hata zikiwa chache, na kitabibu nami nakwambia hivo hivo, kidogo cha kila siku ndo kinachomfundisha mlinzi.

Ukishtuka usiku usibaki umelala ukipigana. Kaa kitako, miguu iguse chini, macho wazi, taja kimya kimya vitu unavyoviona. Vuta pumzi kwa pua kiasi cha kuhesabu nne, itoe taratibu kiasi cha sita. Kuitoa kwa urefu ndo siri, kuna neva ndefu inatoka kwenye ubongo inapita moyoni mpaka tumboni, na pumzi inapotoka polepole ile neva inaupunguza mwendo wa moyo. Ukitaka fanya na tasbihi, Subhanallah moja kwa pumzi moja inayotoka. Watafiti wa Italia mwaka 2001 waliona kwamba sala ya rozari ya Wakristo na visomo vya yoga vyote vinashusha pumzi mpaka kiasi cha sita kwa dakika na moyo ukaenda vizuri zaidi. Tasbihi yetu hawakuipima, lakini pumzi ni pumzi. Fanya na mchana ukiwa mzima, usingoje moto uwake ndo uanze kujifunza. Dakika 20 zikipita usingizi haujaja, inuka, tia udhu, kaa ukumbini na taa ndogo, rudi ukisinzia, na simu iache chumba chengine.

Na mama umzungumze. Watoto wako wamefiwa na bibi yao na wanakuona mama yao kanyamaza. Siku moja mkianika karafuu au mkipika waambie alikuwaje, alikuwa akicheka vipi, chakula gani alikipenda. Toa sadaka kwa niaba yake hata ya shilingi mia tano. Mikono yako ilikuwa na kazi ya kumhudumia usiku na mchana, ghafla ikawa mitupu, na nimeona watu wakipata nafuu wanapompata mwengine wa kumsaidia, mzee jirani, mgonjwa mtaani, lakini wewe usianze hilo leo, lala kwanza.

Haya nilokwambia ni ya kujaribu huku unasubiri miadi, hayachukui nafasi ya miadi. Kuna mambo hayasubiri. Ukianza kufikiri bora na wewe umfuate mama, au ukasikia sauti inakuamrisha, au siku zinapita huli huoshi watoto huinuki kitandani, au kifua kinakubana kwa maumivu yanayokwenda mkononi au tayani, basi siku hiyo hiyo upelekwe hospitali na usiachwe peke yako. Na kama huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili karibu kila siku na hakuna kinachokufurahisha, mwambie mhudumu wazi, usiseme "nipo nipo tu".

Mume wako hukumtaja na sijui analijua kiasi gani. Mpe asome barua hii, au mwambie jambo moja tu: usiku nikishtuka usiniulize nina nini, nishike mkono nihesabu pumzi na wewe. Wengi wa waume hawasaidii kwa sababu hawajui wafanye nini. Na Jumatatu akupeleke Wete hospitali yeye mwenyewe, umeandika kwenye karatasi lini ilianza, inakuja mara ngapi kwa wiki, unakunywa nini na umeshatumia dawa gani pamoja na za mganga kama alikupa za kunywa, hilo la mwisho usiwafiche.